Majibu Niliyomletea Kaka

4 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini umzima, na kifua kilichokusumbua kimetulia. Sisi huku hatujambo. Binti yangu ameanza darasa la kwanza na sasa ni mtu mzima, ananisahihisha hata ninavyofunga kamba za viatu. Saluni inakwenda. Nimehamishiwa kiti cha dirishani, kwenye mwanga, kwa hiyo barabara nzima inaniona nikipiga miayo. Mama aliniambia mashine yenu kubwa ya kufulia imekufa na mnafua mashuka ya hoteli kwa mikono. Poleni sana.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu wewe simu unaiweka spika huku unapiga pasi, halafu chumba kizima kinanijibu.

Unakikumbuka kile kivimbe changu juu ya kiwiko, upande wa ndani, ulichokuwa ukikiita kipipi? Kimekua. Desemba nilikuwa namsuka mwalimu mmoja, akaruka kwenye kiti: "Wewe, unanisuka au unaning'oa?" Nilikuwa nimemvuta nywele kwa nguvu na sikujua. Kidole changu cha mwisho na jirani yake vimekufa ganzi.

Nimekwenda hospitali kubwa. Daktari ni kijana mpole, anaongea kama anayeomba radhi. Alinikagua mwili mzima, akayahesabu haya madoa yetu ya rangi ya chai. Yangu ni ishirini na moja. Akabonyeza na vile vinundu laini vya mgongoni ambavyo baba pia alikuwa navyo. Kumbe ni ugonjwa, tena wa kurithi. Anasema vivimbe hivi huota kwenye mishipa ya fahamu, ile inayopeleka hisia na nguvu mikononi na miguuni. Karibu vyote havina neno. Ila mara chache kimoja hugeuka kuwa saratani, nayo ni saratani adimu, kali, isiyojali sana dawa.

Walinichoma sindano nene wakatoa kinyama. Majibu yamerudi hayasemi hivi wala vile, kipande kilikuwa kidogo mno. Akaniuliza kama kuna mtu kwetu aliyewahi kupata hicho kibaya. Nikamwambia baba alikuwa na kivimbe pajani, kikapimwa, majibu yakasema si kitu kibaya, ila baadaye mguu uliharibika akafariki. Uso wake ukalegea kidogo. Akasema basi tunaweza kungoja miezi sita tuangalie tena, maana kukata sasa ni kukata na mshipa wenyewe, na mkono wa kusukia utakwenda nao. Lakini kama baba alikuwa na kile kibaya, hangoji. Anakata mara moja, tena kwa upana.

Anaomba karatasi ya majibu ya baba. Mama anasema wewe ndiye uliyepeleka kinyama maabara na wewe ndiye uliyeleta majibu. Nitafutie, Shangazi.

Mwanao,
Kasuku


27 Februari

Mwanangu Kasuku,

Nakusalimu kwa jina la Bwana aliyetulinda mpaka leo. Marahaba, na mara mia. Mimi nipo, kifua kimenyamaza. Mume wangu hajambo, analalamikia goti, ndiyo dalili kwamba mzima. Mama yako hajambo pia, jana tulikaa kibarazani kwake tukashona vifungo. Mashine bado imekufa. Fundi alikuja akaifungua, akaitazama kama mtu anayetazama maiti asiyoifahamu, akaenda zake. Mikono yetu imekuwa myeupe kwa sabuni. Mwambie mjukuu wangu bibi yake naye hajui kufunga kamba vizuri, aje anifundishe.

Barua yako niliisomea chumba cha pasi, nikaisoma tena nyumbani. Nimekuweka kwenye sala za asubuhi, wewe wa kwanza kabla ya wote.

Karatasi sina. Ni miaka kumi na miwili sasa, mwanangu, na paa letu lilivuja ile masika, vitu vingi viliharibika. Mwambie daktari asihangaike na mambo ya zamani. Autazame mkono ulio mbele yake. Mimi si msomi lakini naona miezi sita ni mingi. Usingoje.

Kula vizuri. Usinyanyue ndoo kwa mkono huo.

Shangazi yako


2 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Habari za huko? Mtoto amekuwa wa tatu darasani na anadai aliyekuwa wa kwanza anaonyeshwa majibu na kaka yake. Bosi wa saluni amejifungua, mtoto wa kiume, mkubwa kama gunia. Sote tunambeba kwa zamu isipokuwa mimi, naogopa mkono.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilirudi kwa daktari. Nilimwambia shangazi yangu anasema nisingoje. Akauliza, kwa sababu gani? Nikamwambia hukuniandikia. Akasema hawezi kuukata mkono unaofanya kazi kwa sababu shangazi kasema. Alisema kwa upole, lakini alisema.

Kipipi sasa ni kama yai la kuku. Nguo ikikigusa umeme unatembea mpaka kwenye ncha ya kidole, halafu panakufa tena. Kikombe kiliniponyoka jana, nikasikia kishindo kabla sijajua kwamba sikishiki.

Nakuuliza jambo moja tu. Yale majibu ya baba, uliyasoma mwenyewe au ulisomewa? Waliandika maneno gani hasa? Hata ukikumbuka neno moja niandikie, nimpelekee. Na kama kuna sababu ya kunambia nisingoje, nipe hiyo sababu.

Mwanao,
Kasuku


30 Aprili

Mwanangu,

Amani ya Mungu ikae nawe. Nimefurahi kwa mtoto. Kuwa wa tatu si mchezo, mimi darasani kwetu nilikuwa wa tatu kutoka nyuma. Mume wangu goti limehamia la pili. Kanisani tumepata mwalimu mpya wa kwaya, anatufokea sisi akina mama wa sauti ya pili kama vifaranga, nasi tunampenda. Mama yako hajambo.

Barua yako imekaa siku kumi na tisa kwenye droo ya pasi, chini ya vitambaa. Kila siku nilisema leo. Sasa naandika, na nikishaandika sitaisoma tena, nitaibandika stempu tu.

Hakukuwa na karatasi, mwanangu. Paa lilivuja kweli lakini karatasi haikuwahi kuwepo.

Baba yako unamkumbuka alivyokuwa anakaa upande upande kwenye kiti cha baiskeli, akisema fundi baiskeli lazima awajaribie wateja wake. Ni kile kivimbe cha nyuma ya paja. Siku aliyokanyaga msumari akashinda nao kwenye ndala mpaka jioni bila kujua, ndipo mimi na mama yako tulipomvuta hospitali. Pale kwetu ilikuwa ndogo. Daktari alikata kipande, akakitia kwenye kichupa chenye maji ya dawa yanayowasha pua, akaandika jina kwenye plasta. Na utaratibu wa pale ulikuwa ndugu wa mgonjwa ndiye anayekipeleka maabara ya mjini. Mama yako alikuwa anamuuguza, nikaenda mimi. Nilikiweka kwenye mkoba pamoja na kitabu changu cha nyimbo, nikaushika mkoba mapajani basi zima lilipokuwa likiruka.

Nilifika Ijumaa mchana. Dirisha limefungwa. Mlinzi akasema, "Mama, hao mpaka Jumatatu." Nikakaa kwenye benchi. Nikafungua mkoba nikakitazama. Kilikuwa cheupe, kirefu kama ncha ya kidole changu, kinaelea. Nikaona ni kaka yangu. Sikuona ugonjwa, nilimwona yeye, mtoto niliyembeba mgongoni, amekatwa, yuko kwenye chupa, na mimi nitamwacha kwa watu wamchanechane zaidi wamtupe kwenye ndoo. Nikawaza siku ya kufufuliwa atasimama ana pengo. Hakuna mchungaji aliyenifundisha hivyo. Nililitunga mwenyewe pale kwenye benchi na nikaliamini.

Nilirudi. Nyuma ya kamba za kuanikia, pale kazini, nikachimba kwa mwiko wa kuchotea majivu. Nilimwaga yale maji, nikakifunga kipande kwenye leso niliyoipiga pasi, nikakizika. Nilisali sala yote ya mazishi ninayoijua. Nilijisikia nimefanya jambo jema. Nakwambia ukweli wote, nilijisikia hivyo.

Jumatatu nikaogopa. Kaka akauliza, "Dada, wamesemaje?" Nikasema bado. Wiki ya pili bado. Wiki ya tatu nilimkuta ameinama kwenye gurudumu, akanitazama bila kuuliza, na ule utazamaji ulinishinda. Nikasema, "Wamesema si kitu kibaya." Akaweka spana chini, akakaa kwenye vumbi, akacheka. Alimwita mama yako aje asikie. Nikarudia mara ya pili mbele ya mama yako, na ya pili ilikuwa nyepesi kuliko ya kwanza.

Daktari alisema arudi na majibu. Hakurudi. Ya nini, kama si kitu kibaya?

Mwambie daktari wako hivi, maana haya nayajua kwa macho. Kwa miezi saba kilikua kutoka yai mpaka tikiti dogo. Ganzi ilianza vidoleni ikapanda mpaka gotini. Mwezi wa mwisho alikuwa anakohoa, na akawa anakohoa damu. Wewe ulikuwa shule ya bweni, tulikuficha. Karatasi waliyotupa alipofariki iliandikwa uvimbe wa paja tu.

Mama yako mpaka leo anaamini maabara walisoma vibaya. Kila tukimkumbuka marehemu husema Mungu awaone wale watu wa maabara. Na mimi husema amina.

Hiyo ndiyo sababu. Mpelekee leo hii, usingoje kumaliza kunikasirikia.

Shangazi yako


19 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Hatujambo. Mtoto hajambo.

Barua nimeipata. Nilimpa daktari aisome mwenyewe, sikutaka kuisema kwa mdomo. Aliisoma mara mbili. Kwenye kukohoa damu aliuliza ilikuwa mwezi wa ngapi tangu kivimbe kianze kukua, nikamwambia alichoandika shangazi ndicho hicho. Akasema kile kibaya hupenda kukimbilia mapafuni. Nimepigwa picha ya kifua. Yangu hayana kitu.

Wananikata tarehe 24 Juni. Watatoa kivimbe, nyama inayokizunguka na mshipa, urefu wa kiganja.

Mama hajui habari ya kichupa. Mimi simwambii. Hiyo ni kazi yako.

Kasuku


8 Juni

Mwanangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Mvua zimekatika, nguo zinakauka mapema. Mume wangu amepata miwani, sasa anaona vumbi la nyumba nzima na ananionyesha. Kwaya tumeimba vibaya mbele ya wageni, mwalimu amenuna.

Nimemwambia mama yako. Nilikwenda Jumamosi baada ya kazi. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Akasema, "Wifi, kaa basi, mbona umesimama kama polisi?" Nikasema nitasimama. Nikaeleza yote kama nilivyokuandikia. Hakuacha kuchambua.

Nilipomaliza akasema, "Rudia hapo pa majibu."

Nikarudia.

"Hakuna mtu aliyekwambia useme hivyo?"

"Hakuna. Nilisema mwenyewe."

"Na mimi miaka yote hii nawalaani wale watu."

"Ndiyo, wifi."

"Wewe unasema amina."

"Ndiyo."

Akatoa kijiwe kwenye maharage, akakitazama, akakitupa. "Sasa nani atawaondolea laana yangu? Sijui hata majina yao." Nilitaka kupiga magoti. Akasema, "Usinipigie magoti hapa. Nenda. Na mlango ufunge, nzi wanaingia."

Nikafunga mlango.

Nilirudi nyumbani nikapika, tukala. Mume wangu aliuliza chumvi iko wapi, nikampa. Silii, mwanangu. Nimejaribu kanisani, nimejaribu bafuni. Nasali na maneno yanatoka yamenyooka kama shuka, sijui kama yanafika. Zamani nilikuwa nalia hata kwenye harusi za watu nisiowajua, unajua mwenyewe.

Nisamehe. Siku ya kukatwa nitafunga kula, nitasali mchana kutwa. Nisamehe kwa ajili ya baba yako na kwa ajili ya mkono wako. Nisamehe, mwanangu.

Shangazi yako


21 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Uniwie radhi mwandiko, kalamu naishikilia kwa vidole vitatu na kiburi.

Walinikata saa tatu asubuhi, nikaamka saa tisa. Mama alikuwa kando ya kitanda. Alikuja siku mbili kabla, amekaa nami karibu wiki nne, amerudi juzi. Amempikia mtoto, amefua, amegombana na nesi mmoja kuhusu blanketi akashinda. Wewe hakukutaja hata mara moja. Mimi pia sikukutaja.

Majibu yametoka. Ni kile kibaya. Kimetoka chote, kingo za nyama hazina kitu. Nimemuuliza daktari ingekuwaje kama tungengoja ile miezi sita, akafunga faili, akasema, "Tusiende huko." Nitaanza mionzi wiki ijayo, wiki sita. Halafu picha ya kifua kila baada ya miezi mitatu, kwa miaka. Inaweza kurudi, hakunificha. Mtoto naye ana madoa sita. Wamemfungulia jalada lake, watakuwa wanamwangalia kila mwaka.

Vidole viwili vimejikunja kama makucha ya kuku, havifunguki. Kusuka basi. Bosi amenipa kuosha nywele na kupokea wateja. Yule mwalimu niliyemvuta amekuja, akaniona, akasema, "Afadhali, sasa utaning'oa kidogo kidogo." Tukacheka. Mimi nilicheka kwa sababu yeye alicheka.

Barua yako ya Juni niliipata, na zile mbili ulizotuma baada yake, zenye msamaha kuanzia juu mpaka chini. Shangazi, usiniombe tena. Nimetafuta hasira, sikuipata. Nimetafuta huruma, sikuipata vilevile. Najua ukweli wako umenikata mkono na umeniacha hai, na najua uongo wako ulimfanya nini baba, na yote mawili nayajua kama ninavyojua namba ya nyumba. Sijakusamehe na sijakukatalia. Kila ukiniomba unabonyeza pale pasipo na kitu, unangoja niseme "aa". Siwezi kusema.

Ukitaka kuniandikia, niandikie habari tu. Nani kaoa, mashine imepona au haijapona. Barua ikiwa na neno samahani nitaikunja nisiimalize. Hili silisemi kwa ubaya. Nataka barua.

Kasuku


9 Agosti

Mwanangu Kasuku,

Nakusalimu. Tunaendelea vizuri hapa nyumbani na kazini. Barua yako ilifika Jumatano na nimeisoma yote.

Mashine kubwa imepona. Ilifua kwa wiki moja ikafa tena, safari hii kwa moshi. Meneja wa hoteli alikuja mwenyewe kuitazama akiwa amevaa suti, akatoka na suti ya rangi nyingine. Wamesema wataleta mpya. Walisema hivyo na mwaka juzi.

Mume wangu amekalia miwani yake. Anaivaa hivyo hivyo, jicho moja liko juu ya jingine.

Binti wa jirani yetu fundi viatu anaolewa mwezi ujao na dereva wa lori. Baba yake anasema kijana ni mpole, mama yake anasema lori lina kelele. Mwalimu wa kwaya amenisogeza mstari wa nyuma kwa sababu siku hizi nafungua mdomo sauti haitoki. Nyuma pana upepo mzuri.

Mama yako amefika salama. Tulikutana bombani Alhamisi. Alikuwa mbele yangu kwenye foleni. Alijaza ndoo zake mbili, akazisogeza, bomba akaliacha wazi bila kulifunga, nikaweka yangu.

Jua ni kali, hakuna mvua. Paka wa dukani amezaa watatu.

Mwambie mjukuu wangu kwamba nimeanza kufunga kamba za viatu kwa mafundo mawili, nione kama atanisahihisha.

Nilitaka kujaza ukurasa huu mpaka mwisho kama zamani. Nafasi ipo, lakini habari zimeisha.

Shangazi yako